Wasimamizi mnaochakachua dadu nyuma ya skrini, njooni mjibu hapa

KeteWazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sipunguzi makali. Kuna tabia imeota mizizi kwenye RPG za mezani (michezo ya kuigiza wahusika, ambapo msimamizi anaendesha hadithi na maadui, na dadu zinaamua matokeo) na watu wanaipamba kwa jina la "kulinda hadithi". Msimamizi anarusha dadu nyuma ya skrini, anaitazama, haimfurahishi, anatangaza kitu kingine. Imetoka 20, namba ya juu kabisa, anasema adui amekosa. Bosi ameshindwa kujinasua na uchawi, anasema amejinasua. Zimwi limeishiwa uhai, linaongezewa kimyakimya lisife mapema. Huo ni uchakachuaji, tusizungushe maneno.

Kama kuna jibu ambalo huwezi kulikubali, dadu uliirusha ya nini?

Nachukua D&D (Dungeons & Dragons) toleo la 5, sheria za 2014, maana ndizo wengi tunazijua. Zimwi la kawaida linaongeza 6 kwenye d20 (dadu ya pande 20) likishambulia, jumla ikifikia kinga yako limekupata, na rungu lake linaumiza 2d8+4 (dadu mbili za pande 8, ongeza 4), wastani pointi 13. Mpiganaji wa kwanza kavaa deraya ya mabamba, kinga 18. Wa pili kavaa hiyohiyo na kushika ngao, kinga 20. Kumpata wa kwanza zimwi linahitaji 12 kwenda juu, yaani asilimia 45. Kumpata wa pili linahitaji 14, asilimia 35. Hizo asilimia 10 hakuziokota njiani. Kaacha upanga wa mikono miwili wa 2d6, wastani 7, akashika wa mkono mmoja wa 1d8, wastani 4.5. Kila akipiga anakosa pointi 2.5 za madhara, kwa makusudi, ili naye apigwe mara chache.

Sasa mchawi mwenye kinga 12 anajipeleka mstari wa mbele kama aliyeaga kwao. Zimwi linampiga. Msimamizi anaona huruma: "limekosa". Umempa mzembe bure kile ambacho mwenzake mwenye ngao anakilipia kila raundi!

Na huyo mchawi mwenyewe hukumsaidia. Wengi wao wana ule uchawi wa ngao unaotumika papo hapo baada ya kupigwa: kinga inapanda kwa 5 hadi zamu yake inayofuata. Jumla ya zimwi ikiwa 15, kinga 12 inakuwa 17, pigo linapita pembeni, na yeye anabaki na nafasi moja tu ya uchawi (kila uchawi wa namna hii unakula nafasi moja) kati ya mbili alizonazo kwenye kiwango cha 1. Huo ulikuwa uamuzi wake, mgumu na mtamu. Umemnyima nafasi ya kuufanya, halafu unajiona mkarimu.

Upande wa pili ndio unaniudhi zaidi: kuchakachua ili kumlinda bosi. Mchezaji wa kiwango cha 3 anatoa uchawi wa kumgandisha mtu, nafasi ya daraja la pili, na hizo anazo mbili tu kwa siku. Ili kujinasua, adui anarusha d20 na jumla yake lazima ifike 13. Kapteni wa majambazi anaongeza 2 kwenye jaribio la hekima, kwa hiyo anashindwa mara 50 kati ya 100. Dadu inatoka 6, msimamizi anaona pambano lake zuri linakufa raundi ya kwanza, anasema kapteni amevuka. Kwa nini asisubiri? Uchawi huohuo unampa aliyeganda jaribio jipya kila mwisho wa zamu yake, asilimia 50 ya kujinasua. Sheria ilishamwekea mlango, yeye kaamua kuvunja ukuta.

Kuhusu pointi za uhai: kitabu cha viumbe kinampa zimwi 59, lakini fomula ni 7d10+21, yaani kuanzia 28 hadi 91. Ukitaka la 80, liandike 80 kabla ya kikao, ni haki yako kabisa. Ila ukilianzisha na 59, ukaona linaanguka raundi ya pili ukalivutia hadi 80, umefuta pointi 21 ambazo watu wameshazitoa. Mwizi wa kiwango cha 3 akivizia anaumiza 1d8+3 na 2d6 juu yake, wastani 14.5. Kwa hiyo umemfutia pigo moja na nusu. Mwambie basi zamu yake iliyopita haikuhesabiwa, tuone kama atakuchekea.

Na acheni kujidanganya kwamba watu hawaoni. D20 kutotoa 20 hata mara moja katika mashambulizi 40 ni nafasi ya takriban asilimia 13, inawezekana. Katika mashambulizi 100 ni asilimia 0.6. Kampeni ikienda wiki nane na hakuna adui aliyewahi kupata pigo maradufu (20 kavu, dadu za madhara zinarushwa mara mbili), meza nzima inajua, wanakustahi tu. Halafu kuna ile ishara ya macho: dadu inatua, msimamizi anaitazama, anatupa jicho kwenye karatasi ya uhai wa wachezaji, ananyamaza sekunde mbili, ndipo anasema. Msimamizi mkweli hana haja ya kutazama uhai wako kujua kama amekupata. Anatazama kinga.

Wenye hoja leteni.

Mzee wa d12

Skrini ilikuwa ya kuficha ramani na majedwali. Siku hizi inaficha aibu.

HadithiKwanza

Mkuu, umekuja na moto lakini umeruka jambo moja: vitabu vyenyewe vinaruhusu. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinasema wazi kwamba ukirusha nyuma ya skrini unaweza kubadili matokeo, na kinatoa mfano wa mapigo maradufu mawili mfululizo yanayoelekea kumuua mhusika. Na hata kile cha 1979 cha Gary Gygax kinampa msimamizi mamlaka juu ya dadu. Sasa wewe ni nani wa kuita uchakachuaji kitu kilichoandikwa?

Pili, mchezaji mgeni kabisa. Ametumia saa mbili kumtengeneza mhusika wake, kachagua jina, kachora na sura. Raundi ya kwanza ya pambano la kwanza katika maisha yake, 20 kavu, kafa. Utamwambia nini, "hesabu ndiyo hiyo"? Hatarudi. Bora nichakachue mara moja kuliko nipoteze mtu.

KeteWazi

Soma aya hiyohiyo ya 2014 hadi mwisho. Inaonya usifanye mara nyingi, na usiwajulishe wachezaji, kwa sababu wakijua wataona hakuna hatari au kwamba unapendelea mtu. Ruhusa inayokuagiza uwafiche watu uliokaa nao meza moja mimi naitilia shaka, hata ikiwa imechapwa kwenye kitabu chenye jalada gumu.

Kuhusu mgeni, sawa, hapo unagusa kitu. Lakini mfano wako unathibitisha hoja yangu. Mchawi wa kiwango cha 1 mwenye uhai 8 anakufa papo hapo akipata madhara 16, kwa sababu yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wake wote, hakuna cha kujaribu kunusurika. Rungu la zimwi, 2d8+4, linafika 16 karibu mara 23 kati ya kila mapigo 100 ya kawaida. Likiwa pigo maradufu, 4d8+4, linafika karibu mara 92 kati ya 100. Hayo yote yalijulikana kabla hujagusa dadu. Uliweka zimwi mbele ya watu wenye uhai 8, halafu dadu ndiyo mbaya?

Pembeni ya Ramani

Narusha wazi mezani, skrini naitumia kusimamishia majedwali tu. Nitoe yanayofanya kazi, maana uzi wa hasira bila dawa ni kelele.

Kabla ya kurusha, sema namba na sema kitakachotokea. "Unahitaji 14. Ukikosa unaanguka futi 30, hiyo ni 3d6, wastani 10 na ushee." Mchezaji akisikia hivyo anaweza kubadili mawazo, kufunga kamba, kumwomba mwenzake msaada. Na wewe ukijisikia ukisema kwa sauti "ukikosa unakufa" utashtuka mwenyewe kama ulikuwa hujakusudia. Mara nyingi tamaa ya kuchakachua inaanzia hapo, kwenye mtupo ambao matokeo yake hayakufikiriwa.

Kiwango cha 1 kwa wageni: zimwi liache nyumbani. Wape goblini, +4 kushambulia na 1d6+2, ambaye hata pigo lake maradufu mwisho ni 14. Linaweza kumwangusha mwenye uhai 8 lakini haliwezi kumuua papo hapo. Anabaki na majaribio ya kunusurika, asilimia 55 kila moja, na wenzake wana muda wa kumfikia. Au anzeni kiwango cha 3. Na kumbukeni, anayepiga kwa silaha ya mkononi anaruhusiwa kuchagua kumzimisha mtu badala ya kumuua. Sheria hiyo haikuandikwa kwa wachezaji peke yao. Goblini wanaoteka watu wana faida kuliko goblini wanaochinja: umepata kikao kizima cha kutoroka.

Bosi: kwa viumbe wakubwa kama joka lililokomaa, toleo la 5 liliweka uwezo wa kugeuza jaribio lililoshindwa kuwa limevukwa, mara 3 kwa siku. Mpeni bosi wenu hata mara 1, na mtangaze anapoutumia. Matokeo ni yaleyale ya kuchakachua, bosi anaendelea, lakini mchezaji anajua uchawi wake umekula kitu. Tofauti hiyo si ndogo. Mmoja anaondoka amepunguza silaha ya adui, mwingine anaondoka ameambiwa "imeshindikana".

Pambano linalovuta mno, msipunguze uhai kwa siri. Toleo la Basic la 1981 lina kipimo cha ushupavu: kiumbe ana namba, tuseme 7, unarusha 2d6 mwenzao wa kwanza akifa na tena nusu yao wakianguka. Ikizidi namba, wanakimbia au wanajisalimisha. Kwa 7 hiyo ni mara 15 kati ya 36. Mapambano yanafupika bila mtu kudanganywa, na mateka wana habari za kutoa.

HadithiKwanza

Nakubali la bosi. La kurusha kila kitu wazi sikubali. Mchezaji akitafuta mtego akaona mwenyewe ametoa 2, ukamwambia "huoni mtego", atageuka arudi. Hapo skrini ni lazima.

Pembeni ya Ramani

Kuficha na kuchakachua ni vitu viwili, msivichanganye. Pathfinder toleo la pili, la 2019, limeweka alama kabisa kwenye majaribio ya siri, na msimamizi ndiye anayarusha. Siri haina tatizo, tatizo ni kubadili.

Ukitaka siri isiyotiliwa shaka: kabla ya kikao kila mchezaji anarusha d20 yake mara 5, unaandika kwa mpangilio zilivyotoka. Kila jaribio la siri unachukua namba inayofuata kwenye orodha ya huyo mtu na kuikata kwa kalamu. Changanya mahali pa kuanzia ili asihesabu kwamba ya tatu ndiyo ile 19. Mwisho wa kikao mnaonyeshana orodha. Haichukui hata dakika tatu.

Kiwango1

Na meza ikikubali tangu mwanzo kwamba msimamizi anaweza kubadili? Kuna makundi yanataka hadithi tu, kifo hawakitaki.

KeteWazi

Basi huo si uchakachuaji, ni sheria ya meza, na sina ugomvi nao hata kidogo. Semeni kwenye kikao cha maandalizi: hapa mhusika hafi bila mchezaji wake kuridhia. Mtu asiyetaka anakwenda meza nyingine. Au chukueni mchezo uliojengwa hivyo. Kwenye Apocalypse World ya 2010 msimamizi harushi dadu kabisa. Mchezaji anarusha 2d6: 10 kwenda juu amefanikiwa, 7 hadi 9 amefanikiwa kwa gharama, 6 kushuka msimamizi anajibu mapigo. Hapo utachakachua nini? Pathfinder nayo inampa kila mchezaji pointi moja ya ushujaa mwanzoni mwa kikao. Anaitumia kurudia mtupo, au anatoa zote alizonazo asife. Rehema ipo mkononi mwa mchezaji, anaiona inapungua.

Mzee wa d12

Swali la mwisho kabla mods hawajafunga. Msimamizi kagundua katikati ya pambano kwamba kapanga vibaya, kaweka adui wawili pale ambapo mmoja angetosha, na kundi lote liko njiani kufa. Afanye nini, akaze shingo?

KeteWazi

Asimamishe na aseme: "Jamani, nimepanga vibaya. Zimwi la pili nalipa uhai 30 badala ya 59. Mnakubali, au tuendelee hivihivi?" Nusu ya meza zitasema endelea.