MJADALA: Uzushi ukisambaa, tuukanushe au tuunyamazie?

Wadau, hili naomba tulijadili bila jazba. Kila uzushi unapozuka, uwe wa chanjo, wa uchaguzi au wa dawa ya miujiza, watu hugawanyika. Wapo wanaotaka ukanushwe hapo hapo. Wengine husema njia ya mwongo ni fupi, kuujibu ni kuuvumisha, tuuache ufe wenyewe. Mimi niko na wanaokanusha, ila namna wengi wetu tunavyokanusha hainiridhishi hata kidogo.

Wanaotaka tunyamaze wana hoja, tusiwabeze. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu sentensi za kweli na za uongo wazipime, kwa vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili mbili. Zilizorudiwa zilizidi kuaminika kila kikao, hata zile za uongo. Jambo ulilokwisha kulisikia huingia akilini kwa wepesi, na wepesi huo tunaudhania kuwa ni ukweli. Mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake wakaonyesha kwamba hata anayelijua jibu sahihi huvutwa vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesema "mimi nimesoma, sidanganyiki" ajichunge.

Ila kutoka hapo hadi kusema kukanusha ndiko kunakoukuza uongo, ni mbali. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 2010, Brendan Nyhan na Jason Reifler walipoandika kwamba baadhi ya watu wakisahihishwa katika mambo ya siasa huzidi kung'ang'ania walichoamini. Thomas Wood na Ethan Porter wakalipima jambo hilo kwa mada 52 na watu zaidi ya 10,000. Matokeo yao yalichapishwa 2019. Ukaidi wa namna hiyo karibu hawakuuona. Kwa kawaida watu wakipewa taarifa sahihi huusogelea ukweli, hata kama si kwa hatua ndefu.

Kwa nini basi uongo uliokanushwa mchana kweupe unaendelea kuishi? Jibu lililonishika zaidi ni la Johnson na Seifert, 1994. Waliwasomesha watu taarifa fupi fupi, moja baada ya nyingine, kuhusu moto uliozuka ghalani. Mwanzoni zilisema kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia vitu kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye ikaja taarifa nyingine: chumba kile kilikuwa kitupu. Wasomaji waliikumbuka vizuri. Lakini walipoulizwa maswali kama kilichosababisha milipuko, wengi walirudi kule kule, kwenye rangi na gesi! Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamenyang'anywa sababu bila kupewa nyingine, na akili heri ibaki na maelezo mabovu kuliko kukosa maelezo. Walioambiwa kwamba kuna dalili za moto uliowashwa kwa makusudi, waliiacha ile rangi kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo tunapokosea. Chukueni madai ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella kuleta usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano ya mtoto na watu. Yalipata nguvu kwa makala ya 1998 ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyohusu watoto 12, na jarida la kitabibu lililoichapisha, Lancet, likaiondoa rasmi 2010. Bado tunamjibu mzazi kwa ukali: "Ni uongo, acha kusambaza." Mzazi huyo alimwona mwanawe akichanjwa, na muda mfupi baadaye akaona maneno yanapungua, mtoto hageuki akiitwa jina. Ukimwambia chanjo haihusiki, swali lake umeliacha pale pale. Mwambie kwamba dalili nyingi za usonji huanza kuonekana wazi katika mwaka wa pili wa mtoto, umri ule ule ambao watoto wengi hupata chanjo hiyo, kwa hiyo mambo mawili hukutana bila moja kuzaa jingine. Na mwambie hivyo kwa heshima, maana anauguza mtoto, hatafuti ugomvi.

Nakubali jambo moja: uzushi ambao bado uko kwa watu wachache hauhitaji kupigiwa mbiu. Lakini ukishafika kwa umma, mnaosema tunyamaze nijibuni: mzazi huyo tukimwacha na swali lake, mnadhani atakwenda kumuuliza nani?