Maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu: kila mtu anasema ni ulsa

Nyar_Kibuye, Kisumu

Habari za jioni wadau, naomba msaada kwa mwenye anajua. Ni mdogo wangu, ana miaka 27, alijifungua mtoto wa pili mwaka huu na bado ananyonyesha. Anaumwa na tumbo hapa juu, si huku chini kwa kitovu, ni pale kwa chembe cha moyo halafu inasogea upande wa kulia chini ya mbavu. Sana sana ni usiku, akishakula anakaa kidogo inaanza pole pole, inapanda inapanda mpaka anashindwa hata kubeba mtoto, anatembea tu kwa nyumba huku na huku ameshika mbavu, kulala hawezi kukaa hawezi. Baada ya masaa mawili matatu inaisha yenyewe kama haikuwa. Asubuhi unampata anafua nguo.

Chemisti ya hapa mtaani wanampatia dawa za ulsa, zile kapsuli za omeprazole na ile dawa nyeupe ya kunywa, zikiisha anaongezwa zingine. Mama anasema ni ulsa juu yeye alikuwa nazo, jirani anasema ni gesi, mwingine ati aache pilipili. Ameacha pilipili, ameacha maharagwe, maumivu bado yanakuja. Kuna kitu ingine inaweza kuuma hapo ama ni ulsa tu? Na tukienda hospitali tuulize kipimo gani kwanza, maana pesa yenyewe ni ya kuhesabu.

Baba_Tawi, Nyalenda

Pole kwa dada. Mimi nimekuwa na vidonda vya tumbo vya kweli, vya kuonekana kwa kamera, kwa hivyo nikuambie venye vyangu vilikuwa halafu ulinganishe. Yangu ilikuwa inachoma, moto kabisa, na ilikuwa inapenda tumbo likiwa tupu. Saa nane ya usiku naamshwa, nikikula kipande cha mkate na chai inatulia, nalala. Ya dada yako inakuja baada ya kula na inaisha bila kitu, hiyo naona ni tofauti, ingawa najua kuna wengine kidonda kikiwa kwa tumbo lenyewe chakula ndio kinawaamsha maumivu.

Hii maneno ya pilipili watu waache. Pilipili inaweza kuwasha mahali tayari pameumia lakini haichimbi kidonda. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria wanaitwa H. pylori, ama hizi dawa za maumivu tunameza kama njugu, diklofenaki, brufeni, aspirini. Kuna daktari wa Australia anaitwa Barry Marshall alikunywa hao bakteria mwenyewe mwaka 1984 ndio watu waamini, tumbo likamchafuka kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Nilipimwa choo, wakapata bakteria, nikapewa dawa za wiki mbili, antibiotiki mbili na ya kupunguza asidi. Nikamaliza zote. Kama dada atapimwa aseme mapema kwamba amekuwa akimeza omeprazole, mimi niliambiwa niache wiki mbili kwanza, la sivyo kipimo kinaweza kusema hakuna na iko.

Kliniko_Naks, Nakuru

Dada Nyar Kibuye, mimi ni klinikal ofisa, nafanya kazi huku Nakuru. Siwezi kumpima mtu kwa simu lakini maelezo yako ni mazuri kuliko ya wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu, wacha nitumie hayo.

Hapo juu ya tumbo kuna vitu vingi vimesongamana. Katikati kuna tumbo lenyewe na mwanzo wa utumbo mwembamba, nyuma yake kongosho. Kulia chini ya mbavu kuna ini, na chini ya ini kimejibanza kifuko cha nyongo. Kushoto kuna bandama. Juu kidogo tu, ukivuka ule msuli wa kupumulia, kuna moyo na sehemu za chini za mapafu. Kimoja kikiugua mgonjwa anaweka mkono pale pale kwa chembe na anasema ulsa. Mimi nikiona mkono umewekwa hapo huwa sijali sana jina mgonjwa amekuja nalo, nauliza inaanza saa ngapi, inakaa muda gani, inaenda wapi.

Na huyu wako, nikisikia mama amejifungua juzi juzi, maumivu ni kulia chini ya mbavu, yanakuja baada ya chakula, yanapanda yanashikilia masaa halafu yanaachilia, na mtu hawezi kutulia mahali pamoja, cha kwanza kinakuja akilini ni mawe kwenye nyongo. Wakati wa ujauzito homoni zinafanya nyongo iwe na kolesteroli nyingi na kifuko kinakuwa mvivu kujimwaga, nyongo inakaa inaganda inakuwa vijiwe. Ndio maana tunaona wamama wachanga, wembamba wengine, na watu wanadhani ni ugonjwa wa wazee wanene. Sasa ukila kitu ya mafuta kifuko kinajikamua, jiwe linaziba mlango, hapo ndio kilio. Jiwe likirudi nyuma maumivu yanaisha kama umeme umekatwa. Omeprazole haiwezi kugusa hiyo kitu.

Niambie haya. Je, yanaenda kwa mgongo ama bega la kulia? Anatapika? Macho yamekuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka? Kuna homa? Na familia yenu kuna siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Nauliza hiyo kwa sababu huko Nyanza na Western iko nyingi, na mtu wa siko seli anaweza kupata mawe ya nyongo akiwa bado kijana mdogo.

Nyar_Kibuye, Kisumu

Daktari asante sana umenifungua macho. Nimempigia saa hii. Anasema ndio inaenda nyuma, chini ya lile bapa la bega la kulia, alikuwa anadhani ni kubeba mtoto. Ametapika mara moja. Macho iko sawa, mkojo sawa, homa hakuna. Siko seli hatuna. Na kitu ingine, ile siku ilimshika vibaya zaidi tulikuwa tumetoka matanga Ahero tumekula nyama ya mafuta mengi, na ile ingine alikuwa amekula mbuta wa kukaanga. Akikula ugali na mboga ya kuchemsha inampita. Mbona hakuna mtu alikuwa ameuliza hii?

Mama_Shiro, Njoro

Kama ni mawe asikubali kukatwa haraka. Anywe mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, asubuhi atayaona yametoka kwa choo, ya kijani. Shosho wa rafiki yangu alifanya hivyo.

Kliniko_Naks, Nakuru

Mama Shiro najua unasema kwa nia njema, hiyo dawa watu wengi wameniletea hata na picha kwa simu. Zile tembe za kijani zinazotoka ni yale mafuta yenyewe yakichanganyika na juisi za tumbo yanageuka kama sabuni. Zikipimwa maabara si mawe ya nyongo. Na kumpa mtu mwenye jiwe glasi ya mafuta ni kukiambia kifuko kijikamue kwa nguvu, unaweza kumletea ule ule usiku wa kutembea kwa nyumba. Tafadhali asijaribu.

Kuhusu kukatwa, si kila jiwe linatolewa. Ukipatikana nayo kwa bahati na hayakusumbui unaachwa nayo. Yakishaanza kuuma hivi huwa yanarudia, na hapo tiba ni kutoa kifuko chote, siku hizi mara nyingi kwa matundu madogo, na mtu anaishi vizuri bila hicho kifuko maana ini linaendelea kutengeneza nyongo.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Naomba muongeze moyo kwa hiyo hesabu. Babangu ana sukari na presha. Alirudi kutoka shamba akasema chembe inamkaba, anatokwa na jasho jembamba baridi, anahisi kutapika. Kituo kimoja cha karibu kikampa dawa ya asidi kikamrudisha nyumbani. Usiku ikazidi tukampeleka hospitali kubwa, wakamwekea zile nyaya kifuani wakasema ni moyo. Yuko hai, tunashukuru Mungu, lakini mzee hakuwahi kusema kifua kinauma, hata mara moja. Alisema tumbo.

Ja_Mbita, Homa Bay

Na sisi wa ziwa tusisahau kichocho. Ndugu yangu ni mvuvi, amekua majini. Alianza kusema amejaa hapa juu, kushoto pamekuwa pagumu, akikula kidogo ameshiba. Tukadhani ni tumbo tu mpaka akatapika damu, si kidogo, beseni. Ikapatikana ni kichocho cha utumbo, kimekaa kwa ini miaka na bandama limefura. Sasa nikisikia mtu wa pwani ya ziwa ana kitu hapo juu namwambia apime choo pia.

Kliniko_Naks, Nakuru

Ja Mbita umesema kweli kabisa. Minyoo ya kichocho inatoka kwa konokono wa maji inaingia kwa ngozi, mayai yake yanabaki kwenye ini na kulifanya kovu, damu inakosa njia inarudi nyuma, mishipa ya koo inafura na kupasuka. Dawa ipo, praziquantel, inapimwa kwa uzito wa mtu, na ikitolewa mapema ni rahisi. Lakini ukirudi kwa maji yale yale unaweza kuipata tena, kwa hivyo wavuvi wapimwe mara kwa mara.

Mwalimu, pole kwa mzee. Mtu wa makamo na zaidi, hasa mwenye sukari, presha ama anavuta sigara, akishikwa na chembe ghafla na jasho, aende apimwe umeme wa moyo kabla ya kitu kingine. Na mama mjamzito aliyevuka miezi mitano akiumwa hapo juu na kichwa kinamgonga ama anaona ukungu, hiyo ni presha ya mimba, asingojee asubuhi.

Wengine wa kukimbizwa usiku huo huo: anayetapika damu ama kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami (anayemeza vidonge vya madini ya chuma choo chake huwa cheusi pia, aseme), tumbo gumu kama ubao, macho manjano. Mnywaji wa pombe ambaye maumivu yamepenya mpaka mgongoni na anapata nafuu akiinama mbele, huyo namshuku kongosho.

Dada, kwa mdogo wako anza na altrasaundi ya tumbo la juu, inaona mawe vizuri kuliko picha nyingine yoyote ya bei hiyo. Asile masaa 6 hadi 8 kabla, kifuko kiwe kimejaa ndio kionekane. Pamoja na hiyo damu ya kuangalia ini na kongosho. H. pylori ije baadaye kama hizo ziko safi. Maumivu yakimshika yapitishe masaa matano ama homa ije na kutetemeka, asiambiwe ni malaria bila kupimwa malaria, kifuko kikioza hutoa homa hiyo hiyo.

Nyar_Kibuye, Kisumu

Nimeandika yote kwa karatasi nitampatia abebe. Kesho asubuhi tunaenda, leo atakula saa moja jioni basi. Moja ya mwisho daktari, mtoto atanyonya akishapigwa hiyo picha? Na asubuhi akisikia kiu?

Kliniko_Naks, Nakuru

Mtoto anyonye kabla na baada, altrasaundi haina mionzi, ni sauti tu. Maji matupu kidogo anaweza kunywa, chai ya maziwa hapana, maziwa yana mafuta kifuko kitajimwaga na mtarudishwa siku nyingine. Mpaka apate majibu akae na chakula cha kuchemsha, na hizo kapsuli za chemisti abebe na pakiti yake wazione.