Eksosomu: zinasaidia VVU au zinavizuia?

Mdadisi: Wakuu, mwalimu kasema eksosomu, vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, husaidia VVU. Makala niliyosoma inasema vinazuia. Nishike lipi?

Pipeti: Yote mawili, inategemea vimetoka wapi. Seli iliyoambukizwa hupakia humo Nef, protini ya VVU, nayo ikiifikia seli ya CD4 (seli ya kinga ya mwili) isiyo na virusi yaweza kuiua. Yaani inakufa bila hata kuambukizwa! Ila vifuko vya shahawa na vya maziwa ya mama, kwenye maabara, vimezuia maambukizi.

Kinga: Na ARV hazizuii seli iliyokwisha kuambukizwa kutengeneza Nef.

Mdadisi: Mnavitenganishaje na virusi?

Pipeti: Taabu tupu. Eksosomu ni nanomita 30 hadi 150, kirusi kama 100 na kitu. Ukizungusha kwenye sentrifuji vinashuka pamoja. Makala isiyoeleza walivitenganishaje, mimi naiweka kando.