Pikapu bila silansie mjini Goma: zikamatwe, ao mwenye gari aachwe?

Mkaaji wa Katindo
Nauliza wote: pikapu zilizotolewa silansie, kile kifaa cha kupunguza sauti kwenye bomba la moshi, zikamatwe mpaka zirudishiwe, ao tuendelee na faini ya barabarani inayoishia palepale? Toka Signers mpaka Ndosho ni ngurumo hadi usiku, na nyumba zetu nyingi ni za mbao. Wataalamu wa afya kazini wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100 umebaki na dakika 15. Mama anayeuza makala ya kupikia kando ya barabara hana mlango wa kufunga. Mafundi wanajua vizuri kwamba motere bila silansie inaunguza supapu, milango ya hewa na moshi ndani ya motere, lakini wanakata tu, shauri ya pesa.

Fundi wa Mabanga
Mengine sawa, ila hilo la mwisho ni uongo. Silansie iko huko nyuma, zaidi ya mita moja kutoka kwenye motere. Watu wanasema hewa baridi itarudi ikapige supapu, lakini hairudi njia yote hiyo. Hofu hiyo ina maana pale mtu anapoacha kolekteri, bomba la kwanza linalopokea moshi kwenye motere, wazi kabisa. Supapu inaungua kwa sababu nafasi kati yake na kinachoisukuma imebana, haifungi tena vizuri, moto unapenya ukingoni. Kwenye 1HZ, motere ya Land Cruiser, weka milimita 0.20 upande wa hewa na 0.40 upande wa moshi, motere ikiwa baridi, halafu uniambie silansie imeunguza nini. Uliza kwanza, ndipo uite watu wezi.

Shofa wa Sake
Yaya fundi amesema. Gari ya mizigo inapashwa kupumua. Ukipanda kilima cha Mushaki na viazi nyuma, silansie inabana, mazutu (dizeli) inaisha bure. Mwenye kulipa mazutu njo anapashwa kuamua.

Mwalimu wa mekanika
Shofa, nguvu unayoitafuta haikupotelea kwenye silansie. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa imepungua kwa asilimia 15 hivi, na Mushaki ni juu zaidi. 1HZ ni lita 4.2 bila tirbo ya kusukuma hewa: inavuta hewa iliyopo tu, huku pampu inaingiza mazutu kwa kipimo cha nchi za chini. Moshi mweusi unatoka hapo. Anza na filtri ya hewa, maana vumbi letu la volkeno linaijaza upesi. Kisha pima enjektere zinazonyunyiza mazutu. Kisha punguza mazutu kwenye pampu, kidogo kidogo, ukijaribu kilimani kila mara. Ukiitoa silansie nzima kwenye motere hii, unapata kelele nyingi na nguvu usiyoweza hata kuipima.

Silansie iliyoziba ni habari nyingine. Igonge kwa nyundo ya mpira ikiwa baridi. Ukisikia vyuma vinacheza, kuta za ndani zimevunjika na zinaweza kuzuia moshi. Kwa gari la esansi (petroli), toa sonde ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, funga geji ya msukumo mahali pake. Ikizidi bar 0.1 motere ikizunguka polepole, ao bar 0.2 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna mahali pameziba.

Shofa wa Sake
Na zenye tirbo? Hilux yenye motere ya 1KD inabadilika, kila mutu anaisikia.

Mwalimu wa mekanika
Inaitika mapema kidogo, ni kweli, turbini inapenda njia wazi nyuma yake. Lakini kusikia siyo kuvuta mzigo. Na kuhusu nyumba za mbao, Mkaaji ana haki: 1HZ ina silinda 6, kila mzunguko milipuko 3. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika hiyo ni mipigo 100 kwa sekunde, sauti nzito ambayo ubao hauizuii.

Sude wa Birere
Mnaongea kama vile watu wote wanakuja kutafuta nguvu. Wengi wanaletwa na mawe. Lava ya 2002, lava ya 2021, njia za ndani zimejaa ncha. Silansie inaning'inia chini, inapasuka, mwenye gari hana pesa ya mpya, anasema «funga tiyo», bomba tupu mahali pake. Wala sisi wasude, wachomeleaji, hatukati ovyo. Betri inatolewa waya kwanza, kuchomelea kusiue altaneta na kompyuta. Kipande laini kinachonyumbuka, kile cha karibu na motere, hakiguswi: ukikitoa, mtikisiko wote unaenda kwenye kolekteri na inapasuka. Tiyo ya milimita 63, fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5, ampea 60 mpaka 80, zaidi ya hapo unatoboa. Kauchu (mipira) za kushikia zinabaki zote, na mdomo unatoka nyuma ya gurudumu.

Nesi wa Virunga
Tiyo gani, ndugu? Ile ya maji, yenye galva, zinki iliyopakwa juu?

Sude wa Birere
Njo iko sokoni. Haishiki kutu.

Nesi wa Virunga
Basi unajitia sumu. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe. Saa chache baadaye, mara nyingi jioni, mtu anatetemeka, homa, mwili unauma, kinywani ladha ya chuma. Anasema ni malaria, anakunywa dawa ya malaria. Kesho yake ao kesho kutwa inapona yenyewe, anarudi kuchomelea.

Sude wa Birere
Tunajua. Unakunywa maziwa kabla ya kazi. Maziwa ya Masisi inasafisha kifua, wazee walitufundisha.

Nesi wa Virunga
Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda mapafuni. Hayakutani.

Fundi wa Mabanga
Nesi, heshimu kazi ya watu. Wasude wanakunywa maziwa miaka yote na wako hai.

Nesi wa Virunga
Wako hai kwa sababu homa hiyo kwa kawaida inapona yenyewe, siyo kwa maziwa. Kunyweni, ni chakula kizuri. Lakini sugueni galva kwa mele, mashine ya kusagia chuma, kwanza, sentimita 5 kila upande, hadi chuma cheusi kionekane. Fanyeni nje, upepo uwapige ubavuni, upeleke moshi mbali. Kitambaa puani hakizuii kitu, inatakiwa maski ya moshi wa vyuma.

Shofa wa Sake
Maski inatoka wapi? Maziwa iko hapa.

Mkaaji wa Katindo
Bandugu, niliuliza juu ya kelele! Sheria ya barabara iko, ile ya 1987.

Mwalimu wa mekanika
1978, mama. Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti. Na Mkataba wa Vienna wa 1968 unataka kila gari la motere liwe na silansie inayofanya kazi.

Shofa wa Sake
Sheria inajua mawe ya Ndosho? Watengeneze barabara kwanza.

Nesi wa Virunga
Na watu wanaopanda nyuma? Tiyo iliyokatwa chini ya kabini inawavutisha moshi safari nzima. Mwaka 2012 kitengo cha WHO cha utafiti wa saratani kiliweka moshi wa mazutu katika kundi la 1, vile vinavyoleta saratani kwa hakika.

Fundi wa Mabanga
Silansie haichuji moshi, dada. Inapunguza sauti tu. Cha maana ni mdomo unatokea wapi, na sude ameshasema: nyuma ya gurudumu.

Nesi wa Virunga
Amesema. Zinazopita hapa mbele mbona zimekatwa katikati?

Sude wa Birere
Siyo zangu. Mukitaka silansie idumu kwenye mawe, leteni ya zamani ambayo kuta zake ni nzima, hata ya gari lingine, mradi tundu zake zisiwe ndogo kuliko tiyo. Naipandisha juu kati ya vyuma viwili virefu vya shasi, naacha tundu la milimita 3 upande wa chini maji yatoke, naweka bamba la chuma chini yake.

Shofa wa Sake
Bamba ya milimita ngapi?

Sude wa Birere
Tatu. Na nafasi ya vidole viwili kati yake na silansie, joto lipate pa kutokea. Mpira wa breki usipite hapo karibu, utayeyuka.

Mkaaji wa Katindo
Fanyeni hivyo kwa zote zinazopita Katindo. Ila bado nasema zikamatwe.