Finchi wa Mama Neema (Kikundi cha Majirani, Blok D, South B)

Jumanne jioni, Julai

Mama Neema D7, 19:14: Jamani, kuna mtu hapa anajua ndege? Si kuku, hawa wangu wadogo, finchi. Jike ameshuka chini ya tundu, amejitunisha manyoya, macho anayafumba.

Kevo D2: Ni hii baridi tu. Hata mimi nimejitunisha hivyo hivyo 😂

Mama Neema D7: Kevo, si saa ya mchezo.

Mzee Athmani D11: Mama Neema, mkia wake unapanda na kushuka akipumua? Na sehemu ya nyuma imefura?

Mama Neema D7: Shikamoo mzee. Ndiyo, na anajikamua kama anataka kwenda haja.

Mzee Athmani D11: Marahaba. Hilo ni yai limekwama. Usimfinye tumbo wala usijaribu kulitoa kwa kidole, likipasukia ndani umempoteza. Mtie kwenye boksi la viatu lenye vitobo, tandika kitambaa. Anataka joto, tena upesi.

Mama Tito D3: Nikupandishie jiko? Makaa yangu yameshika tayari.

Mzee Athmani D11: La, jiko lisiingie humo. Huyo ndege hana hata gramu ishirini, hewa ya makaa itammaliza kabla hamjahisi lolote. Na nyinyi wenyewe msilale nalo ndani, tafadhali.

Baba Zawadi D9: Basi taa. Weka balbu juu ya boksi.

Mzee Athmani D11: Balbu gani, Baba Zawadi? Hizi za LED unaweza kuzishika kwa mkono, joto hakuna. Chupa ya maji moto iviringishwe taulo, iwekwe upande mmoja wa boksi ili akiona limezidi asogee. Na bakuli la maji moto karibu, mvuke unasaidia. Yakipita masaa mawili matatu bila kitu, mpigie daktari wa mifugo, lakini muulize kwanza kama anatibu ndege wa nyumbani. Wengi wao wanajua ng'ombe.

Mama Neema D7: Sawa mzee. Neema anachemsha maji.

Mama Tito D3: Mungu amsaidie.

Mama Neema D7, 20:52: LIMETOKA!!! Aki asanteni. Lakini halina ganda. Nimeligusa likabonyea, ni ngozi tu.

Mzee Athmani D11: Alhamdulillahi. Muache humo kwenye joto mpaka asubuhi, maji na mtama viwe karibu. Na hiyo ngozi ndiyo jibu lenyewe: kalsiamu imemwishia mwilini. Mwaka huu ametaga mara ngapi?

Mama Neema D7: Wueh. Sijui hata nihesabu vipi. Vifaranga wakifa, wiki ijayo mayai mengine. Nilidhani ni ishara nzuri, kwamba wana afya.

Mzee Athmani D11: Nitaandika ndefu, mnisamehe. Hawa finchi wako wenye milia asili yao ni Australia, pale bara penye ukame. Kwao mvua ikinyesha na nyasi zikizaa mbegu, wanakimbilia kutaga kabla ukame haujarudi. Sasa huyo wako anaamka kila siku anakuta mtama umejaa na maji hayajakauka. Mwili wake unaamini ni masika mwaka mzima. Hatajizuia. Atataga mpaka aanguke, na ndivyo alivyoanguka leo. Wa kumzuia ni wewe: ondoa kiota. Si kukisafisha, kiondoe kabisa. Vizazi viwili, vikizidi vitatu kwa mwaka, halafu apumzike miezi. Na hii Julai ya Nairobi, usiku nyuzi 10 au 12, si wakati wa kumtagisha.

Kevo D2: Mzee umejulia wapi haya yote?

Mzee Athmani D11: Nimefuga tangu niko Mombasa, kijana. Kule shida ilikuwa joto na sisimizi. Huku ni baridi.

Mama Neema D7: Na vifaranga je? Wanaanguliwa vizuri, halafu asubuhi nawakuta sakafuni, uchi, wamepoa. Naona kama wazazi ndio wanawatupa.

Mzee Athmani D11: Wanawatupa kweli. Mara nyingine wazazi ni wachanga mno. Hata wakiweza kutaga wakiwa na miezi mitatu, wasubiri angalau sita. Mara nyingine jike ameanza kutaga upya kabla hao hawajaota manyoya, akawaona wanamzuia. Au chakula ni mtama mtupu. Kifaranga hakui kwa mtama mkavu, anataka yai la kuchemsha lililopondwa pamoja na ganda lake, kila siku, na usiliache hadi jioni likachacha. Mawele ukiyaloweka yachipue kidogo ni mazuri mno, pale Nyamakima kwa wauza nafaka unapata. Mchicha pia. Halafu ukimkuta kifaranga amepoa usimtupe haraka. Mshike kiganjani umpulizie pumzi ya joto, wengine hurudi. Akianza kucheza mrudishe kiotani, hawatamkataa kwa sababu umemshika.

Mama Tito D3: Nina ovakado zimeiva sana, niwaletee? Watoto hunawiri nazo.

Mzee Athmani D11: Hapana! Ovakado ni sumu kwa ndege. Mletee Neema.

Neema D7: Napokea 😋

Mama Neema D7: Na dume naye hachoki kujenga. Mayai yakishatagwa anazidi kubeba majani anayafunika, jike anataga mengine juu.

Mzee Athmani D11: Kwa sababu majani bado yapo. Yai la kwanza likionekana, toa kila kitu anachoweza kubeba. Na asipewe nyuzi ndefu za pamba wala sufi, zinamfunga mguu mpaka unakatika. Makumbi ya nazi au majani makavu, uyakate mafupi.

Baba Zawadi D9: Wangu weupe walitaga mayai kumi kwenye kiota kimoja. Nikafurahi, nikawaita watu waje kuona. Hakuna hata moja lililoanguliwa.

Mzee Athmani D11: Kumi? Jike mmoja hutaga manne mpaka sita. Uliwahi kumsikia yeyote kati yao akiimba?

Baba Zawadi D9: ... Hapana. Vilio tu.

Mzee Athmani D11: Basi una majike wawili. Wa milia unamjua dume kwa shavu la rangi ya chungwa, lakini mweupe hana shavu hilo. Utamjua kwa wimbo, na mdomo mwekundu zaidi.

Kevo D2: Baba Zawadi na wake wawili hawajui waume 😂😂😂 Mzee, kuna kijana anauza wale wa buluu wenye shavu jekundu, bei ya kutupa. Nichukue?

Mzee Athmani D11: Usithubutu. Hao wametegwa porini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwafuga bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori. Wewe ndiye utakayepatikana nao nyumbani, si yeye.

Jumatano asubuhi

Mama Neema D7, 06:40: Ameamka, amekula, amenipigia kelele. Kiota nimekitoa. Dume sasa anajenga ndani ya kisahani cha mtama!

Mzee Athmani D11: Badilisha kisahani, weka kile chembamba cha kuning'iniza. Na nikija nitakuletea mfupa mweupe wa ngisi, kaka yangu huniletea kutoka Mombasa. Utundike ndani ya tundu, jike atautafuna mwenyewe apate ile kalsiamu.

Mama Tito D3: Tukiwa hapo hapo, hayo maganda ya mtama yanashukia shuka zangu kwenye kamba. Nimenyamaza muda mrefu.

Mama Neema D7: Pole Mama Tito. Leo nashona pazia la neti kuzunguka tundu lote. Na shuka nitazifua mimi.

Mama Tito D3: Shuka nimeshafua. Pazia tu.

Baba Zawadi D9: Sasa nani ana dume mweupe anayeimba? Nanunua.

Kevo D2: Dume anayeimba Blok D nzima ni mimi.

Mama Tito D3: Tumekusikia bafuni. Tutafute mwingine.