Thredi 4 zinachelewa kuliko 1. Tatizo liko wapi?

Kijana_Wandegeya: Habari za jioni wakuu. Mradi wangu wa chuo ni programu ya C++ inayopitia faili kubwa la miamala ya mobile money (ya kubuni, msiogope) na kuhesabu waliolipia yaka (umeme wa kulipia kabla). Faili huwa lote kwenye RAM kabla sijaanza kupima, kwa hiyo si diski. Kila thredi (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na wenzake) ina kipande chake na kihesabio chake ndani ya `volatile long hesabu[4]`. Hakuna kufuli, hakuna anayegusa cha mwenzake, na majibu ni sahihi. Lakini thredi nne zinachelewa kuliko moja, wakati prosesa ina viini vinne! Nisaidieni kabla sijawasilisha.

Boda_wa_Jinja: Ongeza RAM mkuu. Laptopu za mtumba ndivyo zilivyo.

Mzee_wa_Mbale: Boda, usimtie kijana gharama. Vihesabio hivyo vina wenyewe wanne ila vimelala kitanda kimoja. Kache (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na viini) haishughuliki na baiti mojamoja, inabeba mstari mzima, na kwa Intel na AMD mstari ni baiti 64. `long` kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8, kwa hiyo vyote vinne ni baiti 32 tu, kwa kawaida mstari mmoja. Kiini kikitaka kuandika, lazima kwanza nakala za mstari huo kwa wenzake zibatilishwe. Basi kila unapoongeza moja, unawanyang'anya wengine, nao wanakunyang'anya. Kimantiki huna kosa, ndiyo maana majibu ni sahihi.

Na hiyo `volatile` umeiweka ya nini?

Kijana_Wandegeya: Niliambiwa inasaidia kwenye thredi, ssebo.

Mzee_wa_Mbale: Katika C++ haikupi usalama wowote wa thredi. Inalazimisha kila ongezeko liandikwe kwenye kumbukumbu badala ya kubaki kwenye rejista, kinafasi kilicho ndani ya kiini chenyewe. Itoe. Hesabu kwenye kigeu cha ndani ya fankisheni, andika kwenye `hesabu` mara moja tu mwishoni.

Dada_Arua: Ikibidi vihesabio vionekane wakati kazi inaendelea, kiweke kila kimoja kwenye strakti yenye `alignas(64)`, ili kila kimoja kipate mstari wake. Mimi huweka 128, maana Mac za M1 zina mstari wa baiti 128. Ila usitapanye nafasi ovyo: data inayosomwa tu haina ugomvi, viini vyote vinaweza kushika nakala zake. Ukitaka ushahidi, Linux ina `perf c2c`, itakuonyesha mstari unaogombaniwa.

Kijana_Wandegeya: Banange! Kigeu cha ndani kimetosha. Nne sasa zinaiacha moja mbali, ingawa kasi haijafika mara nne.

Mzee_wa_Mbale: Usiitegemee. Faili lako halienei kwenye kache, na viini vyote vinalivuta kupitia njia ileile ya RAM. Hapo Boda ana robo ya haki: kinachokubana sasa ni kasi ya RAM, si ukubwa wake.

Boda_wa_Jinja: Robo naichukua.