Naomba ushauri: nyigu wa vinundu kwenye mikaratusi

Wakuu, shikamooni. Shamba la mikaratusi ekari 2, visiki vinachipua na vinundu vimejaa kwenye vikonyo na mshipa wa kati wa majani machanga. Dalili ni za Leptocybe invasa, nyigu wa Australia aliyeonekana Kenya na Uganda mwaka 2002. Buu hukaa ndani ya kinundu, kwa hiyo dawa ya kupuliza juu ya jani haimpati; hela inapotea bure. Tena miche yote ilitoka mti mama mmoja, ndiyo maana hakuna uliopona.

Je, ning'oe visiki, au nibakize machipukizi 2 kila kisiki? Na aina gani imestahimili kwenu, hasa ukanda wa joto? Miche ya kitalu chenye vinundu siitaki kabisa, ndiyo inayomsafirisha.